Bendera Nyekundu kwenye Bahari Iliyotulia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Mheshimiwa Diwani wetu; Mchungaji Wilbert na wachungaji wenzako; masheikh wetu mliokuja kutushika mkono; wazee wangu, shikamooni; ndugu zetu mliotoka Mbagala na Kiwalani mkapambana na foleni mpaka mkafika; Bi Rukaiya na akina mama wenzako mnaokaanga mihogo hapa ufukweni; na nyie wanafunzi wangu wa zamani, ambao nawaona mmejaa huko nyuma mkiwa na ndevu na watoto, na bado mnaongea mwalimu akisimama: hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Haya, asanteni, kaeni.

Kwa asiyenifahamu, mie ni Mwalimu Tupokigwe. Nimefundisha shule ya msingi hapa Bunju mpaka nywele zikageuka rangi, kisha nikastaafu, ingawa mdomo wangu haujastaafu. Mie pia ni mjane wa marehemu Brightson, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Friji. Alifia hapa, kwenye ufukwe wetu huu wa Jiwe Refu, mwaka jana, mchana kweupe, siku ya ubatizo wake. Ndiyo sababu kamati imenipa heshima ya kuufungua mlingoti huu wa bendera za mawimbi, na heshima hiyo nimeipokea, ingawa ningeirudisha leo hii kama kuna mtu angeweza kunirudishia mume wangu.

Ratiba mnayo mikononi. Inasema Mwalimu Tupokigwe atasema neno fupi, atapandisha bendera ya kijani, Mgeni Rasmi atakata utepe, na kisha watoto wetu hawa waliovaa kanzu nyeupe hapa mbele watateremka majini kubatizwa. Mmoja wao ni binti yangu wa pekee, Jenipher. Ni ratiba nzuri, na walioipanga walipanga kwa nia njema: walitaka tuonyeshe kwamba ufukwe huu hautatutisha milele.

Lakini mmeona wote, kwaya ilipokuwa inaimba, kijana mmoja akipita hapa mbele ameinama kama mtu aliyechelewa ibada, akaninong'oneza sikioni. Huyo ni Ndugu Leodegar, mtabiri wa mawimbi. Alichoninong'oneza nitawaambia, siwafichi, wala hakiwezi kungoja jioni. Ila siwezi kukisema kwa sentensi moja, kwa sababu mwaka jana tuliambiwa kwa sentensi moja na hatukusikia. Kwa hiyo, Fredrick mshereheshaji wetu, usinionyeshe saa, nilikufundisha mie kuisoma. Na nyie wa kanzu nyeupe, kaeni hapo hapo kwenye mabenchi mpaka nimalize.

Leodegar ni kijana wa Songea. Msione anafanya kazi ya bahari mkadhani ni mtu wa pwani. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza alipokuja chuo, na kuogelea hajui mpaka leo. Bi Rukaiya anamtaniaga kwamba siku akiteleza kwenye beseni lake la mihogo itabidi aitwe mzamiaji. Kazi yake ni hii. Huko nje, ng'ambo ya visiwa, kuna boya, na nyie vijana acheni kucheka, kuna boya linaloelea, linapanda na kushuka na maji mchana na usiku, na kila linavyopanda linatuma habari kwenye kompyuta za kituo chao. Kompyuta zinachanganya habari hizo na za upepo na za satelaiti, na Leodegar anaona mawimbi yatakayofika hapa, urefu wake na nguvu yake, kabla hayajafika. Na bahari ikibadilika kule sasa hivi, yeye huku anaona sasa hivi, hangoji taarifa ya habari ya saa mbili.

Mwaka jana yote hayo yalikuwepo. Kilichokosekana ni mlingoti huu, na masikio yetu.

Sasa niruhusuni nimseme mume wangu, maana siku ya msiba walimsifu mpaka nikawa simtambui. Brightson alikuwa mkaidi. Chakula kikipoa alinuna, kikiwa cha moto alinuna vile vile. Na tangu tuoane hakukanyaga kanisani. Kila Jumapili alinipeleka na pikapu yake yenye friji bovu nyuma, akaegesha kando ya ukuta wa kanisa, akafungua redio, akatafuna karanga mpaka ibada iishe. Lakini kwaya tukikosea, njiani kurudi ananiambia, "Leo sauti ya tatu mmeiharibu." Nyimbo zetu zote alizijua akiwa nje ya ukuta. Na mie, jamani, nilikuwa naomba. Naomba nikiosha vyombo, naomba nikisahihisha madaftari. Mungu, mwingize mtu huyu majini. Ndiyo maneno niliyoyatumia, hayo hayo: mwingize majini.

Kilichomwingiza kanisani ni redio. Redio ya pikapu ilikufa, na yeye anayefufua friji za mtaa mzima akashindwa kuifufua. Jumapili hiyo akachoka kukaa kimya peke yake kwenye gari, akaingia, akakaa benchi la mwisho na karanga zake mfukoni. Wahudumu walimwona, wakajifanya hawajaona zile karanga. Jumapili iliyofuata redio ilikuwa imepona, lakini aliingia tena. Na siku moja tukiwa mezani, bila hata kuniangalia, akasema, "Mama Jeni, mwambie Mchungaji aniandike." Niliinuka nikaenda jikoni nikalia kwenye sufuria ya maharage.

Basi. Wiki ya ubatizo ilipofika, Leodegar alimpigia simu Mchungaji, akasema: Jumapili kuna mawimbi makubwa yanakuja, naomba muahirishe. Ujumbe ukasomwa kwenye maombi ya Jumamosi. Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa letu mtu wa pwani asingelifanya. Kanisa letu wengi wetu ni watu wa maziwa: sie wa Kyela, wenzetu wa Bukoba. Maji hatukuyasoma kitabuni, tumekua nayo. Na kule kwetu wimbi linaletwa na upepo. Upepo ukikoma, unasubiri kidogo, unashusha mtumbwi wako. Kwa hiyo Leodegar aliposema mawimbi, sie tulisikia upepo. Tukasimama, tukashikana mikono, tukaukemea upepo. Tuliukemea haswa, mpaka sauti zikakauka.

Na Jumapili asubuhi tulipofika hapa, jani la mnazi lilikuwa halitikisiki. Bahari imelala kama uji uliopoa. Mheshimiwa, ungekuwa wewe ungefikiri nini? Tulipiga vigelegele. Tulikumbatiana. Tuliomba upepo uondoke, na upepo ulikuwa umeondoka. Nani kati yetu angesimama pale na kusema kwamba hatujajibiwa?

Alisimama mmoja tu. Leodegar alikuja na bodaboda, shati limechomoka, hata salamu alisahau. Akasema: jamani, upepo siyo shida. Mawimbi haya hayakuzaliwa hapa. Yamezaliwa kusini, mbali sana, kulikokuwa na dhoruba siku zilizopita, na yamesafiri mpaka kwetu bila kuhitaji upepo wa hapa. Tena yanakuja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari inatulia hivi hivi mnavyoiona. Mama mmoja akamjibu, "Baba, wewe una kompyuta, sie tuna Mungu." Watu wakacheka, wala si kwa ubaya; ilikuwa siku ya furaha.

Ndipo Leodegar akavua viatu. Mtu asiyejua kuogelea, aliingia majini mpaka magotini, akageuka, akanyoosha mikono yote miwili namna hii, kama mzazi anayewazuia watoto wasivuke barabara. Na wa kwanza kwenye mstari alikuwa Brightson wangu. Brightson alimfikia, akamshika mabega, akamsogeza kando taratibu kama unavyosogeza kiti, akamwambia, "Mwanangu, nimechelewa miaka mingi. Usinicheleweshe tena."

Mie nilikuwa nimesimama pale, pale karibu na jiwe, nimeshika taulo lake na shati la bluu nililolipiga pasi alfajiri. Nikamwona Mchungaji akimzamisha. Nikamwona akiibuka. Alipiga chafya, akacheka, akanitafuta kwa macho kwenye umati, na aliponipata akanyanyua mikono juu. Nimeishi na mtu yule ujana wangu wote na sikuwahi kumwona na uso ule. Kwaya wakaanza wimbo, naye akanipigia kelele kutoka majini, "Leo sauti ya tatu mko sawa!"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwake.

Kisha maji yakarudi nyuma. Yalirudi mpaka tukaona miamba ambayo hatujawahi kuiona, na wengine wakashangilia, wakidhani ni sehemu ya baraka. Wimbi la kwanza liliwaangusha wote waliokuwa majini. La pili likawakuta wanainuka, na zile kanzu zilikuwa zimelowa, nzito kama magunia. Mchungaji Wilbert alivunjika mkono akiwa amewang'ang'ania watu wawili, na hakuwaachia. Bi Rukaiya aliacha karai la mafuta motoni, akaingia na kanga yake, akawavuta watu asiowajua, wa dini isiyo yake, mmoja baada ya mwingine. Na Brightson, mtoto wa ziwa, alikuwa anaogelea kuliko wote. Angeweza kutoka. Nilimwona akimsukuma Mama Kokuberwa, aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari, kuelekea kwenye kanga ile ya Bi Rukaiya. Nilimwona akigeuka kumfuata mwingine. Likaja lingine, na lilipopita sikumwona tena.

Bahari ilimrudisha kesho yake, ikiwa imetulia vile vile. Shati la bluu nilimvalisha mwenyewe, na sikuruhusu mtu anisaidie vifungo. Taulo nilibaki nalo.

Watu mlinifariji, na nawashukuru. Lakini leo nimepewa kipaza sauti, acheni niseme. Wengi mliniambia, "Mwalimu, usilie, amekwenda akiwa safi." Mliniambia kwa upendo, nami niliitikia kwa kichwa. Ila moyoni nilikuwa nasema: mie sikumtaka akiwa safi. Nilimtaka na oili yake kwenye kucha. Nilimtaka akininunia mezani kwa sababu ya chumvi. Niliomba miaka mingi aingie majini, na sikujua kwamba ilinipasa kuomba pia atoke. Hilo linaniuma, na linaniuma mpaka sasa hivi ninapowaambia. Naona akina mama mnajifuta. Jifuteni tu, hata mie najifuta.

Kwenye msiba kulikuwa na kijana aliyekuja kila siku, akakaa kiti cha mwisho cha turubai, hali wala hanywi. Nilidhani ni mteja aliyeacha friji yake kwetu. Nikamfuata na sahani ya wali. Alikuwa Leodegar. Akasema, "Shikamoo mama. Mie nisamehe. Sikujua niseme vipi ndo mnisikie." Nikamwambia marahaba, na nikamwambia kula kwanza. Akala huku analia. Na tangu siku ile, Mheshimiwa, sie wawili tulikuwa tunajiuliza swali hilo moja: aseme vipi ndipo asikike? Ukipiga simu, simu inaishia kwa mtu mmoja. Ukituma ujumbe, mwenye simu ya kitochi hauoni, na mwenye simu janja anausoma asubuhi, wakati mchana bahari imeshageuka. Ukija mwenyewe na bodaboda, unaonekana huna imani. Bi Rukaiya ndiye aliyesema: wekeni kitu cha kuonekana kutoka kila upande, kisichoulizwa dini yake wala kabila lake. Na mie mwalimu nikasema: kengele ya shule haibembelezi mtoto. Inalia, watoto wanaingia darasani.

Ndiyo huu mlingoti. Kijani, ingia. Njano, ishia magotini. Nyekundu, usiguse maji, hata kama bahari imelala, hata kama umetoka Kiwalani na familia nzima na nauli imekuuma. Na haipandishwi asubuhi ikaachwa mpaka jioni kama bendera ya ofisini. Inafuata boya. Boya likibadilika, bendera inabadilika, saa hiyo hiyo.

Asubuhi hii ilikuwa kijani. Kwa haki kabisa ilikuwa kijani, na Leodegar mwenyewe ndiye aliyeifunga kwenye kamba hii, tayari kwa ajili yangu. Kulikuwa na mawimbi marefu yanatarajiwa kesho, ndivyo walivyopiga hesabu. Sasa nawaambia alichoninong'oneza. Alisema, "Mama, yamewahi. Boya limeanza kupanda. Yatafika leo, kabla ya watu kumaliza kula."

Tulieni. Tulieni, hakuna wa kukimbia, sote tuko nchi kavu na muda tunao. Ndiyo sababu niliwaambia watoto wakae.

Geukeni muiangalie bahari. Iangalieni vizuri. Imefanyaje? Imelala. Hakuna upepo. Nimesikia hapo mtu amesema, "Mbona imetulia?" Sikulaumu, baba. Ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa hivi hivi, na rangi hii hii, na mie nilikuwa nimesimama na taulo.

Mchungaji Wilbert, baba yetu, nakuangalia. Mkono wako ule haunyooki mpaka leo, na najua uliuumiza kwa ajili ya nani. Najua pia kuna watakaokuja kukwambia tuombe. Tuombe, Mchungaji. Mie wa kwanza nitapiga magoti. Lakini leo tuombee kule juu, kwenye mahema, na Mungu anatusikia hata tukiwa wakavu. Nimeona umeitikia kwa kichwa. Asante. Naomba uitikie tena, walio nyuma wakuone. Asante sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utepe wako utaukata, usiwe na wasiwasi, mkasi umenolewa. Ila hutaona watu wakiingia majini. Najua kamera zimekuja kwa ajili hiyo. Basi wapigeni picha watu wasioingia. Sijui kama inapendeza kwenye televisheni, lakini kwangu mie ndiyo picha ambayo ningetaka kuwa nayo nyumbani, ukutani, badala ya ile niliyonayo yenye kitambaa cheusi pembeni.

Na mawimbi yasipofika? Inawezekana. Leodegar mwenyewe ameniambia bahari inaweza kumuumbua. Yanaweza kupita mbali, yakatuacha tumekaa hapa tunakula pilau na kuangalia maji yaliyolala. Hapo ndipo wajanja mtaanza: mtabiri gani huyu, kompyuta yake imeingia maji, turudishieni siku yetu. Nawaomba sana, msimcheke. Tukimcheka leo, siku nyingine atasita kidogo kabla ya kusema, na katika kusita huko mtu wa mtu atakuwa ameshaingia. Anayetaka kumcheka Leodegar aanze kunicheka mie. Nyumbani kwangu mnapajua, geti la kijani, karibuni.

Jenipher. Mbona umesimama?

Kaa, mwanangu. Unasemaje? Sema kwa sauti, wakusikie. "Mama, nimesubiri mwaka mzima." Jamani, mmesikia? Ni baba yake huyo. Ni baba yake kabisa, hata hicho kidevu. Nakuelewa, Jeni. Uliniambia unataka kubatizwa pale pale aliposimama yeye, ukanyage mchanga alioukanyaga, na nikakubali, na usiku ule sikulala, lakini nilikubali. Najua unavyomlilia, maana chumba chako na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja. Sikuzuii kubatizwa. Nakuzuia kwa leo.

Unaona nilivyonyoosha mikono? Hivi ndivyo Leodegar alivyosimama. Mie sina kompyuta na sina boya, ni mama yako tu, na maji yako nyuma yangu. Ukitaka kupita itabidi uje unishike mabega, unisogeze kando, kama baba yako alivyofanya. Sitakusukuma. Sina nguvu hizo tena. Nitasimama tu hivi.

...

Umekaa. Asante, mwanangu. Asante, mama yangu. Mungu akubariki. Wenzake wote pia, mmekaa, nawaona. Mkishakuwa tayari mtabatizwa siku bendera itakapokuwa kijani, na mie nitaimba sauti ya tatu.

Leodegar, baba, njoo hapa. Fungua hiyo ya kijani, iweke pembeni. Nipe ile nyingine. Ndiyo, hiyo. Nishikie kamba hapa. Haya. Nyie nyote mtaniwia radhi, sherehe nyingi hufunguliwa kwa rangi ya furaha, na hii yetu inafunguliwa kwa nyekundu. Angalieni inavyopanda. Hakuna hata upepo wa kuikunjua, imelala kwenye mlingoti kama kanga iliyoanikwa, lakini ni nyekundu, na kila mtu anaiona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakushukuru kwa kuja na kwa kutokuangalia saa. Nawashukuru kamati, Bi Rukaiya, Mchungaji, na nyie wote mlioacha shughuli zenu. Mmenipa masikio yenu, na nimewashukuru. Sasa naomba mnipe na miguu. Tubebe viti vyetu, wazee watangulie, twende wote kwenye mahema ya juu, na mtu asibaki huku chini hata kwa kupiga picha.

Nimalizie na hili lililo begani kwangu. Wengi mlikuwa mnalitazama, mkafikiri nimelileta la kujifutia machozi. Ni taulo la Brightson, lile lile la siku ile. Nililileta leo nimkaushe binti yake akitoka majini. Halijawahi kumkausha mtu, na mwaka mzima sikuweza kulishika bila kulia kwa sababu lilikuwa kavu. Jenipher, njoo ulichukue, ulibebe wewe. Leo linarudi nyumbani kavu tena, na wewe unarudi nalo.